Kompyuta Inayokesha Pasua

Jumapili moja ya Februari 2019 nilitoka ibada ya kwanza, nikawasha skrini kuangalia kazi za hesabu ambazo kompyuta yangu iliwafanyia watafiti kwa kujitolea wiki ile. Nilishazoea kuona orodha ndefu ya majibu yaliyopokelewa. Siku hiyo, kati ya kazi 40 za mwisho, 11 zilikuwa zimeandikwa neno ambalo kwa Kiswahili ni "batili". Nyingine sita zilikuwa bado zinasubiri uamuzi. Nikadhani ni hitilafu ya upande wao. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikazifungua moja baada ya nyingine. Zote zilifanyika kwenye mashine yangu, na zote zilikuwa zimetupwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mashine yenyewe haikuonyesha dalili yoyote. Haikuwahi kujizima wala kuganda. Mdogo wangu alikuwa anaichezea gemu kila jioni bila kulalamika. Ukiiangalia ungesema ndiyo kompyuta nzima kuliko zote mtaani kwetu Pasua, Moshi, na yenye kasi kuliko zote. Kumbe kwa wiki tatu ilikuwa inatoa majibu ya uongo usiku na mchana, tena kwa haraka, na kuyapeleka kwa watu wanaotafuta dalili za saratani.

Naandika haya kwa sababu nawaona vijana wa Moshi na Arusha wakijenga kompyuta za vipuri vya mtumba, wakizipandisha kasi, na baadhi yao wameanza kuniuliza habari za kujitolea kukokotoa. Napenda sana waingie. Ila napenda waingie wakijua kitu nilichokuja kukijua mimi baada ya kuwaharibia watu kazi.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe iko hivi. Unaweka programu kwenye kompyuta yako, mara nyingi ile inayoitwa BOINC, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Programu inaomba kipande cha hesabu kutoka seva ya watafiti, inakikokotoa wakati wewe huitumii mashine, inarudisha jibu, inaomba kingine. Hesabu ambayo ingehitaji kompyuta kubwa ya mabilioni inagawanywa kwa maelfu ya watu wenye kompyuta za nyumbani. SETI@home iliyoanza Mei 1999 ndiyo iliyowafanya watu wengi wasikie jambo hili. Ilikuwa inachambua mawimbi ya redio kutoka angani na iliacha kugawa kazi Machi 2020. Mwezi huohuo wa Machi, corona ilipotanda, watu waliiunga mkono Folding@home, mradi wa kuchunguza jinsi protini zinavyojikunja, kwa wingi hadi nguvu yao ya pamoja ikavuka eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Na ulikuwepo mradi uliotugusa sisi moja kwa moja, malariacontrol.net, wa taasisi ya tiba za kitropiki ya Uswisi yenye undugu wa miaka mingi na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Huo ulikuwa unaiga kwenye kompyuta jinsi malaria inavyosambaa na jinsi vyandarua na dawa zinavyoweza kuizuia. Ulifungwa kabla sijajua habari hizi, na hadi leo nasikitika kwamba sikuuwahi.

Mimi niliingia kwa ajili ya babu. Babu mzaa mama aliugua kifua kikuu akiwa kijana, akalazwa Kibong'oto, kule Siha, hospitali iliyowahudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu enzi za Mwingereza. Alitusimulia alivyokuwa anakalishwa barazani asubuhi apigwe na jua, anautazama mlima, kisha anahesabu vitanda vilivyobaki wazi tangu jana yake. Alipona, akarudi nyumbani, akaoa. Basi niliposoma kwamba World Community Grid, mtandao wa miradi ya kujitolea kama hii ulioanzishwa na IBM mwaka 2004, ilikuwa na mradi wa Help Stop TB, sikuhitaji kushawishiwa. Mradi huo ulianza 2016 chini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Walikuwa wanachunguza asidi za maikoliki, yale mafuta yanayojenga ukuta mnene wa bakteria wa kifua kikuu, ukuta unaozifanya dawa zipenye kwa shida. Humo humo World Community Grid kulikuwa na mradi mwingine, Mapping Cancer Markers, na ndio ulionipa kazi nyingi zaidi.

Kompyuta niliinunua mwishoni mwa 2018 kwa fundi mmoja wa Double Road. Ndani yake kulikuwa na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i7-2600K, toleo la 2011, yenye koa nne, yaani viini vinne vya kukokotoa, na nyuzi nane, yaani inafanya kazi nane kwa wakati mmoja. Prosesa ya zamani, lakini ile herufi K mwishoni ina maana kubwa: kizidisho chake hakikufungwa kiwandani. Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili, mapigo ya msingi ya megahezi 100 na kizidisho. Hii ya kwangu ilitoka kiwandani na 34, yaani gigahezi 3.4, na koa zote zikifanya kazi pamoja inajipandisha yenyewe hadi 3.5. Ukiingia kwenye bayosi, ile programu ya mipangilio inayotangulia kompyuta inapowashwa, ukaandika 40, unapata 4.0. Sharti mazabodi, bodi kuu inayobeba prosesa, nayo ikubali, kwa kizazi hicho ziwe zile zenye chipseti ya P67 au Z68. Nasema hili mapema kwa sababu kompyuta nyingi za mtumba zinazokuja kutoka maofisini hazina K na bayosi zake zimefungwa. Ukiwa na mojawapo ya hizo usihangaike nayo. Isafishe vizuri na uiache ifanye kazi kwa kasi yake. Laptopu ndiyo usiiguse kabisa.

Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia haya. Nilitazama video ya kijana mmoja wa nje, nikanakili namba zake kama zilivyo: kizidisho 46, volti 1.40, na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikaitoa kasi ya 1333 nikaiweka 1866. Ikawaka. Gemu likacheza laini. Nikalala nikijua nimepata theluthi nzima ya nguvu bila kulipa hata senti.

Sasa kwa nini gemu halikuona kosa? Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Gemu likikosea hesabu moja, pengine kidoa kwenye ukuta kinabadilika rangi kwa sehemu ya sekunde, picha inayofuata inachorwa upya na kosa limepita. Hesabu za kisayansi hazisahau. Zile za molekuli za kifua kikuu huenda hatua kwa hatua, kila hatua ni femtosekunde chache tu (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde), na kila hatua inasimama juu ya iliyotangulia. Tarakimu moja ikiteleza kwenye hatua ya elfu kumi, hatua milioni zinazofuata zimejengwa juu ya uongo. Kompyuta haijui. Itamaliza kazi, itafunga faili, itatuma.

Wenye miradi wanalijua hilo, ndiyo maana kuna ukaguzi. Kazi moja hutumwa kwa kompyuta mbili za watu wasiojuana, majibu yakifanana yanapokelewa. Ukitazama jina la kazi, mwishoni kuna _0 kwa nakala ya kwanza na _1 kwa ya pili. Majibu yasipofanana inatolewa nakala ya tatu, _2, inapelekwa kwa mtu mwingine kabisa ili iamue. Kompyuta inayopata sawa muda mrefu inaweza kuaminiwa ikapewa kazi peke yake, ikawa inakaguliwa mara mojamoja tu. Hapo ndipo niliposhtuka. Zile 11 zilikamatwa kwa sababu kulikuwa na wa kulinganisha naye. Na kwa kila moja, kuna mtu mahali fulani duniani, anayelipa umeme kama mimi, ambaye mashine yake ilirudia kazi kwa saa kadhaa kusafisha kosa langu.

Jumatatu niliibeba kwa bodaboda hadi Double Road, nimeipakata.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Inakosea hesabu."

Akaniangalia. "Dogo, umeipandisha?"

"Nimeipandisha."

"Uliifungua kwanza ukaisafisha?"

Sikuwa nimeifungua. Alipotoa ubavu wa kasha nikaona vumbi la Pasua limefanya zulia kati ya mapezi ya alumini ya kipoozeo, zito kiasi kwamba alilivua kwa vidole likatoka kipande kizima, kama kitambaa. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote lakini hewa ilikuwa haina pa kupita. Kisha akafungua skrubu nne za kipoozeo. Pesti ya kupitisha joto iliyokuwa kati yake na prosesa ilikuwa imekauka, ikawa kama chaki. Akaifuta kwa pamba na spiriti, taratibu, hadi maandishi ya Intel yakang'aa. Akaminya pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya mchele. Nikamwambia aongeze. Akakataa, akasema kazi yake ni kujaza vishimo visivyoonekana kwa macho, ikizidi inakuwa blanketi. Halafu akakaza skrubu kona kwa kona, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, ili kipoozeo kishuke sawasawa. Nilikuwa nimesimama pale naangalia mikono ile, naelewa kwamba nilianza nyumba kwa bati.

Kabla ya usafi, joto la prosesa lilikuwa linagonga nyuzi joto 93. Prosesa hii ikikaribia 98 inaanza kujipunguza kasi yenyewe isiungue. Baada ya usafi, kwa namba zilezile, ikashuka hadi 79. Nikafurahi, nikadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Usiku huo niliweka Prime95, programu ya watu wa GIMPS, mradi wa kujitolea ulioanza 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa sana. Namba yenyewe unaweza usiijali, lakini programu ina kipimo cha kuitesa prosesa: inaipa hesabu ambazo majibu yake sahihi yanajulikana tayari, kisha inalinganisha. Ndicho kipimo nilichokuwa nakihitaji, kinachouliza kama jibu ni sahihi, kuliko kuuliza tu kama mashine bado inawaka. Dakika ya 40, uzi mmoja kati ya nyuzi nane za prosesa ukasimama na kuandika kwamba umekuta kosa la hesabu. Saba ziliendelea kama kawaida. Mashine iko kimya, feni inazunguka, mshale wa mausi unatembea, na moja ya nane ya kazi yake ni ya uongo. Nimekuwa nikilikumbuka lile dirisha dogo kila mtu anaponiambia "mbona yangu haigandi".

Nikarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Huo ndio ushauri wa kwanza ninaompa yeyote: anza pale ambapo una hakika, acha mashine ifanye kazi siku kadhaa, hakikisha majibu yote yanapokelewa. RAM niliiacha 1333, ambayo ndiyo kasi ambayo Intel yenyewe inaitambua kwa prosesa hiyo, nikaipima usiku kucha na Memtest86+, programu ya kupima RAM, hadi ikatoka bila kosa hata moja. Kisha nikapanda kizidisho namba moja moja. Kila hatua, Prime95 saa 12. Ikipita, kazi halisi siku mbili. Ikipita, namba nyingine.

Na nikapima mchana. Hili wengi wanalikosea. Mwezi Julai, Moshi ina ubaridi, mlima umejificha kwenye mawingu, na kompyuta yoyote inaonekana hodari. Februari saa tisa alasiri, chini ya bati, ndiyo mtihani. Rafiki yangu wa Sakina, Arusha, ana prosesa kama yangu na kipoozeo kama changu, lakini kule wako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yao ni ya sweta, na namba zake kwangu zinachemka. Halafu prosesa zenyewe hazifanani hata zikiwa na jina moja. Moja inaridhika na volti kidogo, pacha wake anadai zaidi. Namba ya mtu mwingine ichukue kama habari tu.

Kuhusu volti nataka nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo pesa na usalama vilipo. Umeme unaoliwa na prosesa, na joto linalotoka, unapanda sawasawa na kasi, lakini kwa volti unapanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 peke yake, joto linaongezeka asilimia 10. Ukiongeza volti kwa asilimia 10 peke yake, joto linaongezeka asilimia 21. Vyote viwili pamoja, asilimia 33. Mimi nilitulia kwenye gigahezi 4.1 na volti 1.20. Linganisha na ile 4.6 kwa volti 1.40: kasi imezidi asilimia 12, lakini umeme wa prosesa umezidi nusu nzima. Asilimia 12 zaidi ya majibu, huku robo ya majibu yote yanatupwa. Hata kama yasingetupwa, nisingerudi kule. Volti kubwa inaichosha prosesa taratibu, ukaja kukuta baada ya mwaka kasi iliyokuwa salama haiko salama tena.

Kwa hiyo sasa kazi yangu kubwa ni kushusha. Nikishapata kasi ninayoitaka, naishusha volti kidogo kidogo hadi kipimo kigome, kisha napandisha hatua mbili juu ya pale ilipogoma, kwa ajili ya siku za joto. Wenye kadi za picha wanaofanya Folding@home nawaambia hivyohivyo: shusheni kikomo cha umeme cha kadi, mtapoteza kasi kidogo sana, na kumbukumbu ya kadi msiipandishe kabisa.

Nilinunua kipimo kidogo cha kuchomeka ukutani. Kwa 4.6, mashine nzima ilikuwa inavuta wati 205. Kwa 4.1, wati 145. Kwetu elfu kumi inatoa yuniti 28.1, yaani shilingi 356 hivi kwa yuniti ukijumlisha kodi na tozo. Mashine ya wati 145 ikikesha saa kumi, kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, ni yuniti 43.5 kwa mwezi, kama shilingi 15,500. Ikiwa nyumba yenu iko kwenye ile bei nafuu ya shilingi 100 kabla ya kodi na tozo kwa wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, piga hesabu kabla hujawasha chochote, maana kompyuta moja inaweza kuwatoa humo familia nzima.

Mama aliliona hilo kabla yangu. "Mwanangu, hiyo mashine yako inakula luku kuliko friji." Alikuwa sahihi. Tukakaa, nikamweleza inafanya nini, nikamtajia Kibong'oto. Akanyamaza kidogo, kisha akasema iwake usiku, na luku ya mashine nitoe mimi. Ndivyo tunavyoishi hadi leo. Usiku wenyewe umekuwa faida, chumba kina ubaridi na prosesa haivuki nyuzi 68.

Kuna jambo la hatari kuliko prosesa, nalo ni waya. Mwezi wa tatu nilisikia harufu kama ya plastiki ya kandambili iliyokanyaga kaa la moto. Nikagusa ekstensheni iliyokuwa nyuma ya meza: sehemu ilipochomekwa kompyuta ilikuwa ya kahawia, laini, inanata kidoleni. Ilikuwa ya bei rahisi, waya wake mwembamba, na nilikuwa nimechomeka pasi humohumo. Mashine inayofanya kazi kwa nguvu zote saa kumi mfululizo haifanani na ile inayofunguliwa kuandika barua. Ichomeke ukutani moja kwa moja, kwenye soketi yenye ethi, na pawa saplai iwe nzuri hata kama itabidi kasha libaki lile bovu. Umeme ukikatika si balaa, BOINC inaendelea kutoka pale ilipohifadhi mara ya mwisho. Balaa ni umeme unaporudi kwa kishindo. Mimi naweka kile kilinzi cha friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, na kwenye bayosi nimeweka mashine isijiwashe yenyewe.

Mwaka 2021 World Community Grid ilihamia Krembil, taasisi ya utafiti ya Toronto, Kanada, na mimi nikaendelea nao na saratani. Kila miezi mitatu nafungua kasha na kupuliza vumbi. Kiangazi, kila mwezi.

Wiki iliyopita mama alipita na kikombe chake cha chai asubuhi akauliza, kama anavyouliza siku hizi, "Mashine ya babu imeamkaje?" Nikafungua orodha. Kulikuwa na kazi moja iliyoishia na _2. Watu wawili walishaifanya kabla yangu, majibu yao hayakufanana, nikatumiwa mimi. Ilikuwa imeanza saa sita usiku na kumalizika saa tisa na nusu. Nikaibofya. Jibu langu lilifanana na la _0. Yule wa _1 alikuwa ameandikiwa batili. Mfumo hauonyeshi jina la mtu, unaonyesha tu kwamba alitumia Windows 10. Nilibaki nikiangalia mstari wake kwa muda, nikatamani ningekuwa na njia ya kumwambia ajaribu kufungua kasha lake.